Kitatange: Yupi Anafaa Tangini, Yupi Aachwe Mwambani

Zamani, katika soko la samaki la Zanzibar, aliletwa kitatange mmoja ambaye watu walimtazama mkiani wakasita kumkata. Mistari iliyojikunja kwenye pezi lake la mkia ilifanana na maandishi ya Kiarabu, na waliojua kusoma wakasoma upande mmoja: Laa ilaha illa Llah. Kisa hicho alikiandika J.L.B. Smith, mtaalamu wa samaki wa Afrika Kusini, yuleyule aliyempa silikanti jina lake la kisayansi mwaka 1939. Tangu hapo samaki huyo, Pomacanthus semicirculatus, anajulikana katika biashara ya samaki wa mapambo duniani kama kitatange wa Kurani. Mtu wa Chicago au Berlin anayemnunua dukani analitaja jina lililozaliwa Unguja.

Kwa hiyo suala la vitatange kwenye matangi ya maji ya chumvi linatuhusu. Baadhi ya samaki hao hutoka kwenye miamba yetu, hupandishwa ndege wakiwa ndani ya mifuko ya plastiki, na kuishia sebuleni kwa watu ambao hawajawahi kuiona Bahari ya Hindi. Wafugaji wanapozungumza juu yao huuliza kwanza kama samaki fulani ataishi tangini. Hilo ni swali jepesi mno. Karibu kila kitatange ataishi tangini kwa wiki, kwa mwezi, pengine kwa mwaka. La kuuliza ni anakula nini akiwa baharini, anatawala eneo la ukubwa gani, na aliyemkamata alimkamata kwa njia ipi. Ukiyajibu hayo kwa haki, orodha ya vitatange wanaostahili kufugwa nyumbani inakuwa fupi kuliko orodha ya wanaouzwa.

Wavuvi wa pwani yetu hulitumia jina kitatange kwa samaki wengi bapa wenye rangi kali wanaokaa kwenye matumbawe. Wanasayansi wanawagawa katika familia mbili, Chaetodontidae na Pomacanthidae, na huhitaji darubini kuwatofautisha. Mshike samaki (kwa uangalifu) na utazame shavu lake. Wa Pomacanthidae ana mwiba mrefu unaochomoza chini ya shavu kuelekea nyuma, na mvuvi aliyewahi kumtoa kwenye wavu kwa pupa anaujua mwiba huo kwa kidonda. Hao ndio ninaowazungumzia hapa. Dunia nzima wana spishi karibu 90, kuanzia wadogo wa jenasi ya Centropyge, ambao wengine hawazidi sentimita 8, hadi Pomacanthus arcuatus wa Karibiani anayeweza kufika sentimita 60. Kwetu tunao kadhaa: Pomacanthus imperator, ambaye nitamwita kitatange mfalme kwa kufuata jina lake la Kilatini, huyo wa Kurani, Pomacanthus chrysurus mwenye mkia wa manjano, Pygoplites diacanthus mwenye milia ya chungwa, nyeupe na samawati, Apolemichthys trimaculatus, wa manjano kama embe bivu, na Centropyge acanthops, mdogo wao, mwenye mwili wa buluu iliyoiva na mgongo wa rangi ya chungwa, anayepatikana upande huu wa magharibi wa Bahari ya Hindi tu.

Jambo la kwanza linalowapotosha wanunuzi ni rangi za utotoni. Mtoto wa kitatange mfalme ni wa buluu nzito karibu na nyeusi, na ubavuni ana duara jeupe ndani ya duara jeupe, kama mawimbi baada ya jiwe kutupwa kisimani. Mkubwa wake ana milia ya manjano na buluu iliyolala kutoka nyuma ya kichwa hadi mkiani, na ukanda mweusi umeziba macho kama barakoa. Hawafanani hata kidogo. Bloch alimwelezea mkubwa mwaka 1787. Mwaka 1801 mtoto akaingizwa vitabuni kama spishi nyingine yenye jina la visiwa vya Nikobari, na kosa hilo likadumu zaidi ya karne. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba rangi hiyo ya utoto ni hati ya amani: mkubwa anayemfukuza kila anayefanana naye humwacha mtoto, kwa kuwa hamwoni kama mshindani. Watoto hawa pia huwasafisha samaki wengine, wakiwadonoa wadudu walioganda ngozini.

Dukani hati hiyo ya amani hugeuka mtego. Mtoto wa sentimita 6 anavutia, bei yake ni nafuu kuliko ya mkubwa, na anaenea kwenye tangi la mezani. Muuzaji hasemi kwamba atafika sentimita 40, kwamba mtindo wa miduara utayeyuka, wala kwamba ana uwezo wa kuishi zaidi ya miaka 15. Anayemnunua kwa ajili ya miduara ananunua kitu kitakachotoweka.

La pili, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni chakula. Mwaka 1968 John Randall na Willard Hartman walichapisha utafiti wa samaki wala sifongo wa Karibiani, baada ya kupasua matumbo ya samaki wa spishi nyingi na kupima kilichokuwamo. Kwa vitatange wa jenasi ya Holacanthus, zaidi ya asilimia 95 ya chakula ilikuwa sifongo. Kwa wa Pomacanthus ilikuwa asilimia 70 na kitu. Sifongo ni mlo wa ajabu kuuchagua. Wengi wana vijiti vidogo vya kioo mwilini, wengine wana sumu, na ndiyo maana samaki wengi huwapita. Kitatange ameupata mlango ambao wengine wameshindwa kuufungua: meno yake ni kama brashi, laini na yamebanana, na humkwangua sifongo mmoja kidogo, akaenda kwa mwingine, kisha mwingine, kutwa nzima. Wataalamu wanaona kwamba tabia hiyo ya kuonja hapa na pale inamsaidia asilimbikize sumu ya aina moja.

Sasa mchukue samaki huyo umtie ndani ya tangi. Hakuna sifongo, au wapo wachache wanaoisha ndani ya siku mbili. Anapewa kamba waliogandishwa na vidonge vikavu. Wengine hukubali. Kitatange mfalme, hasa akiwa bado mdogo, hujifunza kula karibu kila kitu, na ndiyo sababu amekuwa maarufu. Lakini Pygoplites diacanthus mara nyingi hujificha nyuma ya mawe na kukataa chakula hadi ubavu wake ubonyee. Wafugaji wenye uzoefu husema wanaotoka Bahari ya Hindi na Bahari ya Shamu, wale wenye kifua cha manjano, hula vizuri kuliko wa Pasifiki wenye kifua cha kijivu. Holacanthus tricolor wa Karibiani ana sifa hiyohiyo mbaya ya kufa njaa mbele ya sahani iliyojaa. Siku hizi kuna vyakula vya kugandishwa vilivyochanganywa na sifongo, na vimewaokoa wengi, ila havijabadili ukweli kwamba samaki aliyeumbwa kula mara mia kwa siku analishwa mara mbili.

Si wote walio hivyo, na hapa ndipo orodha inapoanza kujichuja. Wa Centropyge hula zaidi mwani na masalia yaliyotuama juu ya mawe, vitu ambavyo tangi lililokomaa huvitoa lenyewe. Wa jenasi ya Genicanthus huogelea juu ya mwamba wakidaka viumbe vidogo vinavyoelea majini, kwa hiyo hata matumbawe hawayagusi. Mfugaji mwenye tangi la matumbawe hai hulijali sana hilo, maana kitatange mkubwa akiingia humo hudonoa matumbawe yenye nyama nene na kingo laini za chaza wakubwa. Mdonoo mmoja haudhuru. Lakini chaza hufunga, akafungua, akadonolewa, akafunga tena, na asiyefunguka hapati mwanga, na asiyepata mwanga hufa.

Niliwahi kukaa saa nzima mbele ya kitatange mfalme katika ukumbi wa mapokezi wa hoteli moja ya pwani. Alikuwa mkubwa, urefu wa kiganja na nusu. Tangi lake halikufika mita moja na nusu. Aliogelea hadi kioo cha kulia, akageuka, hadi kioo cha kushoto, akageuka, na kila alipogeuka mkia wake uligusa mawe ya plastiki yaliyopakwa rangi ya waridi. Kando ya macho na kwenye mstari wa ubavu ngozi ilikuwa imelika na kuacha vishimo vyeupe, ugonjwa ambao wafugaji wanaujua na wanauhusisha na lishe duni na maji yasiyofaa. Mtoto mmoja alimgongea kioo. Samaki akajibu kwa sauti yake, ule mdundo mzito wa chini kama ngoma iliyofunikwa blanketi, ambao wazamiaji huusikia wanapomkaribia pangoni kwake. Mtoto akacheka. Nje, ng'ambo ya dirisha, maji yalikuwa yanajaa juu ya mwamba uleule ambao pengine alitolewa.

Tatizo la tangi lile linaeleweka kwa hesabu. Lita 1,000 za maji, tangi ambalo watu wengi wangeliita kubwa, ni mita moja tu ya ujazo. Kitatange mfalme mwambani hutawala mamia ya mita za mraba, na anajua kila pango lililomo. Wafugaji makini husema asifugwe kwenye tangi la chini ya lita 800, na mimi nakiona kiasi hicho kuwa cha kumhifadhi tu, hakimtoshi kuishi. Mdogo wa Centropyge anaweza kukaa vyema kwenye lita 200 au 300 zenye mawe mengi ya kujificha, kwa kuwa hata baharini maisha yake yote hupita ndani ya kipande kidogo cha vifusi vya matumbawe.

Ukubwa wa eneo unakwenda pamoja na ndoa zao. Vitatange wengi huzaliwa wakiwa majike au hupitia hali ya ujike kwanza. Kwenye Centropyge dume mmoja hulinda majike kadhaa. Akifa au akikamatwa, jike mkubwa kuliko wote huanza kujibeba kidume ndani ya muda mfupi, na baada ya wiki kadhaa mwili nao unakuwa wa dume kamili. Kwa mfugaji maana yake ni nyepesi: ukitaka jozi, nunua mmoja mkubwa na mmoja mdogo, uwatie pamoja siku moja. Ukitia wawili walio sawa, utaamkia mapezi yaliyochanika. Kwa mvuvi maana yake ni nzito zaidi. Madume ndio wenye rangi kali na ndio wanaolipiwa vizuri, na kila dume anayetolewa anaivuruga kaya nzima mpaka mrithi apatikane.

Mengine ya tangi nitayataja kwa haraka, kwa sababu ni yaleyale kwa samaki wengi wa maji chumvi. Gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, joto la nyuzi 24 hadi 27, na tangi liachwe wiki nne hadi sita kabla ya samaki yeyote ili bakteria wanaogeuza amonia wajenge makao. Kitatange aingie mwisho, tangi likiwa na miezi kadhaa na mwani juu ya mawe. Kabla ya hapo atengwe peke yake, kwani huja na vimelea vya Cryptocaryon vinavyomjaza madoa meupe kama chembe za chumvi, na dawa ya shaba inayoviua ni kali pia kwa baadhi ya vitatange, hasa wadogo. Anayeipima kwa kukisia atamuua mgonjwa pamoja na ugonjwa.

Turudi baharini, kwenye mkono unaomkamata. Katika miaka ya 1960 wavuvi wa samaki wa mapambo nchini Ufilipino walianza kutumia sayanaidi, na njia hiyo ikaenea hadi Indonesia. Mzamiaji hupuliza sumu ndani ya ufa wa mwamba, samaki akalegea, akaokotwa. Matumbawe yaliyoguswa na sumu hufa. Samaki naye anaweza kuonekana mzima wiki ya kwanza, ya pili, halafu akafa akiwa tayari nyumbani kwa mteja, na mteja akayalaumu maji yake.

Kenya imekuwa ikiuza nje samaki wa mapambo kwa miongo kadhaa, na Centropyge acanthops ni miongoni mwa wanaokamatwa zaidi. Kazi hiyo hufanywa kwa wavu na mikono. Mzamiaji hutandaza wavu wenye matundu madogo kando ya vifusi, akazunguka, akampeleka samaki taratibu kwa kijiti. Acanthops ana mbio za panya. Huchungulia, huingia tundu hili, hutokea tundu la tatu. Kumpata mmoja bila kumkwaruza kunaweza kula dakika nyingi za hewa. Akishapatikana, kupandishwa kwake juu ni mtihani mwingine, kwa sababu hewa iliyo kwenye kibofu chake hutanuka kadiri maji yanavyopungua juu yake. Akipandishwa kwa pupa, huelea tumbo juu. Mvuvi mwenye subira humpandisha kwa vituo. Subira hiyo haionekani kwenye bei ya dukani, lakini ndiyo tofauti kati ya samaki wa miaka 10 na samaki wa siku 10.

Ripoti ya shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira ya mwaka 2003 ilikadiria kwamba samaki kati ya milioni 20 na 24 huuzwa kila mwaka kwa ajili ya matangi ya maji chumvi, wa spishi 1,471. Wengi mno hutoka baharini moja kwa moja. Wapo wanaosema basi biashara yote ifungwe. Sikubaliani nao. Vitatange wengi hawamo katika hatari ya kutoweka, na mwamba wetu una maadui wakubwa kuliko wavu wa mzamiaji: joto la mwaka 1998 lililobabua matumbawe ya Afrika Mashariki na kuua sehemu kubwa yake, na baruti iliyopigwa miaka mingi kwenye pwani ya Tanzania. Mwanakijiji anayeishi kwa kumkamata acanthops akiwa hai ana sababu ya kuulinda mwamba unaomzaa. Ukimnyang'anya kipato hicho hutamwondoa baharini. Atarudi na nyavu za kukokota.

Lakini kuna spishi ambazo hata wavu mpole ni mwingi kwao. Holacanthus clarionensis huishi hasa kwenye visiwa vya Revillagigedo vya Mexico, ambako huwasafisha taa wakubwa wanaopita. Eneo lake ni dogo na bei yake ilikuwa kubwa, na mchanganyiko huo ni hatari kwa kiumbe yeyote. Mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 ulimwingiza kwenye Kiambatisho cha Pili, hivyo kumuuza kimataifa kunahitaji kibali.

Habari njema ni kwamba samaki huyohuyo sasa huzalishwa shambani, huko Bali. Kuzalisha kitatange kuliwashinda watu kwa muda mrefu kwa sababu ya mayai yake. Samaki-kidaka wa anemoni hutaga mwambani na kuyalinda mayai, hivyo mfugaji huyakuta yalipo. Vitatange wawili hupanda pamoja machweo, wakaachia mayai yaliyo madogo kuliko milimita moja, na mkondo ukayachukua. Kifaranga anayetoka ana mdomo mdogo kiasi kwamba vyakula vya kawaida vya vifaranga havipiti. Martin Moe alifanikiwa huko Florida katika miaka ya 1970 kwa spishi mbili kubwa za Karibiani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, huko Hawaii, Frank Baensch akawakuza wadogo wa Centropyge, akiwemo loriculus mwekundu kama kaa la moto, baada ya kuwapata viumbe wa planktoni wadogo vya kutosha kuwalisha vifaranga. Samaki hao ni ghali. Ila aliyezaliwa tangini amekua akila kinacholetwa na mkono wa mtu, na hakuna mwamba uliopungukiwa kwa ajili yake.

Hukumu yangu ni hii. Wadogo wa Centropyge na wale wa Genicanthus wana nafasi ya haki katika matangi ya nyumbani, mradi wamezalishwa au wamekamatwa kwa wavu, na acanthops wetu ni wa kwanza katika hao. Wakubwa wa Pomacanthus wabaki kwenye matangi ya umma yenye maelfu mengi ya lita, na watu waliosomea kazi ya kuwatunza. Pygoplites na wala sifongo wagumu waachwe walipo, kwa kuwa mfugaji mmoja aliyefaulu hawafidii samaki waliokufa kwa waliojaribu.

Na wenye hoteli za pwani yetu nawaomba jambo moja. Msiweke kitatange mfalme kwenye mapokezi. Mgeni anayetaka kumwona mpeni miwani ya kuzamia na nahodha wa mashua, mumpeleke Kisite au Chumbe, kusikoruhusiwa kuvua. Huko kitatange mfalme yupo, na kumtazama hakumgharimu chochote.